Kufungua makava ya pikipiki ili utengeneze dashibodi mwenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi si fundi wa gereji. Nina pikipiki mbili nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma: moja ya mizunguko ya kila siku, nyingine ya starehe, iliyovishwa makava kuanzia kwenye taa hadi chini ya injini. Zote nazifungua mwenyewe uani. Mwanzoni ilikuwa ubahili. Siku hizi ni kwa sababu sitaki mtu anikatie waya. Majirani na madereva wa kijiweni wameniuliza haya mara nyingi mno, nikaona niyaandike. Maswali nimeyaacha karibu yalivyoulizwa.

Fundi, dashibodi imezima ghafla. Nianze kufungua skrubu ipi?

Usifungue hata moja. Washa swichi, kisha angalia ni nini kingine kimekufa. Kama honi, indiketa na taa ya breki navyo vimelala, ugonjwa hauko kwenye dashibodi. Uko kwenye betri, fyuzi au swichi ya ufunguo. Kama vyote vinafanya kazi na dashibodi peke yake ndiyo imezima, sasa unaweza kuishuku, na hata hapo kagua kwanza soketi iliyo nyuma yake.

Jumapili moja nilivua makava yote ya ile ya starehe, nikaitoa dashibodi na kuifungua hadi nikaona sakiti yake. Nusu siku ilipita. Kumbe nati ya betri ilikuwa imelegea, chini ya kiti, mahali ambapo ningefika kwa dakika mbili. Na katika kuvua kwangu nilishavunja vilimi viwili vya kava ambavyo havikuwa na kosa lolote. Tangu siku hiyo nina mpangilio wangu: betri, fyuzi, shingo.

Betri ya volti 12 iliyo nzima, ikiwa imepumzika, husoma kama 12.6. Ikishuka chini ya 12, dashibodi nyingi za digitali huwakawaka au hujizima unapobonyeza stata, na mwenye pikipiki anatangaza kwamba dashibodi imeungua. Washa injini, ongeza moto kidogo, upime tena: unatakiwa kuona kati ya 13.5 na 14.5. Ukiona inapita 15, regulata (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji) imeshindwa kazi, na dashibodi mpya utakayoifunga leo itaungua tena.

Fyuzi ya pikipiki ndogo huwa ya ampea 10, 15 au 20. Ipime kwa testa, kwa sababu macho hudanganyika. Waya wake unaweza kuwa umekatika mahali pasipoonekana. Karatasi ya sigara si fyuzi. Na ya 20 haikai mahali pa 10, hata kama duka halina nyingine.

Shingo ni pale nyaya zinapojikunja kila unapogeuza usukani. Washa swichi, geuza usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia. Dashibodi ikikonyeza, umempata mwizi: waya umekatikia ndani ya ganda lake. Nje utauona mzima kabisa. Shika waya mmojamoja uuvute kidogo. Uliokatika ndani hunyumbulika kama mpira wa manati, mzima hauna mzaha huo. Kwa barabara zetu za mitaa, zenye vumbi na makunyanzi, hili nimelikuta mara nyingi kuliko dashibodi mbovu.

Mbona Boxer yangu haina makava?

Inayo, ila ni madogo. Lile umbo la plastiki linaloshika taa kubwa, ambalo wengi huliita kichwa, ndilo kava lako la mbele, na kwa pikipiki za aina ya Boxer au TVS huwa linashikwa na bolti chache tu. Ukilitoa, soketi za nyuma ya dashibodi utazikuta zimejazana humo nyuma ya taa. Skuta iko katikati: kuna kava la mbele na la nyuma ya usukani, yanaumana kama ganda la karanga. Zenye kazi ni za michezo, kama Ninja au CBR, ambapo kipande kimoja kimelala juu ya kingine na ukikosea mpangilio hakitoki. Majibu mengi hapa chini yanazihusu hizo, lakini ya waya na sindano ni ya wote.

Nahitaji vifaa gani?

Spana ya boksi ya 8 na ya 10, elenki (ile iliyojipinda kama herufi L) ya 4 na ya 5, bisibisi bapa ndogo, bisibisi ya nyota namba 2, testa, na kitambaa laini cha kulaza makava. Ongeza trei ya mayai. Sitanii: kila shimo la trei linabeba skrubu za kipande kimoja, na unazipanga kwa mfuatano wa kuzitoa.

Kuhusu bisibisi ya nyota, skrubu za pikipiki za Kijapani zina msalaba wa kipimo chao, JIS, unaotofautiana kidogo na nyota ya kawaida. Bisibisi ya kawaida huingia, lakini ukikaza huruka na kuusaga msalaba. Kama hupati ya JIS, tafuta ya kawaida iliyokaa bila kucheza, isukume kwa nguvu huku ukizungusha taratibu. Nguvu ya kusukuma izidi ya kuzungusha.

Betri niitoe?

Usiitoe, itenganishe. Zima swichi, fungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Sababu ni nyepesi: ukianza na chanya na spana ikagusa fremu wakati hasi bado imefungwa, cheche zake zitakukimbiza. Saa ya dashibodi itapotea, utairekebisha.

Makava yanatoka kwa mpangilio gani?

Kutoka juu na nje kwenda ndani, mara nyingi. Vioo vya pembeni huanza, kwa sababu kwenye pikipiki nyingi za michezo bolti za vioo ndizo pia zinazolishika kava la mbele. Kisha kioo cha upepo, kisha makava ya pembeni, halafu la mbele lenye taa. Usiachie kava lenye taa likaning'inia kwa waya. Mwombe mtu alishike uchomoe soketi za taa na indiketa.

Piga picha kabla ya kila hatua. Usipige picha ya kava, piga ya nyuma yake: kebo ya klachi imepita wapi, bomba la breki limepita upande gani wa shingo. Hayo ndiyo utakayoyasahau jioni.

Nimetoa skrubu zote na kava bado limegoma. Nivute?

Hapa ndipo plastiki nyingi za mji huu zimevunjikia, pamoja na zangu. Kava likigoma, linakwambia kuna kitu hujakitoa. Tafuta kwanza, vuta baadaye.

Kitu hicho huwa kimoja kati ya vitatu. Cha kwanza ni klipu ya plastiki, kifungo cheusi chenye kitovu katikati. Kuna ambayo kitovu chake husukumwa ndani milimita mbili hivi ndipo klipu inalegea. Kuna ambayo kitovu huinuliwa kwa ncha ya bisibisi bapa. Na kuna yenye msalaba, ambayo unaizungusha hadi ijitokeze. Ile ya kwanza ndiyo yenye mtego, maana ukiikuta na hujui, utaichokonoa kwa nje hadi ikatike. Ukiirudisha, toa kitovu kijitokeze juu, ingiza klipu, kisha sukuma kitovu kilingane na uso wake.

Cha pili ni ulimi ulioingia kwenye mfereji wa kava la jirani. Huu hauvutwi kwenda nje. Unalitelezesha kava kwenda mbele au nyuma, sentimita moja tu, kisha linaachia. Angalia mstari wa maungio: upande ulioachia utakuonyesha mwelekeo.

Cha tatu ni msumari wa plastiki uliochomekwa kwenye mpira, hasa karibu na tangi. Wenyewe huvutwa moja kwa moja kwa nje, mkono ukiwa karibu kabisa na mpira. Mpira uliokauka umwagie maji ya sabuni, subiri kidogo.

Na hali ya hewa ina neno. Asubuhi za Juni na Julai Dodoma ni baridi, na plastiki iliyochomwa na jua miaka minne mitano huwa kama biskuti. Ile siku ya vilimi viwili nilianza saa moja asubuhi. Sasa naiacha pikipiki ijioshe na jua hadi saa nne, au naweka kitambaa cha maji ya moto juu ya ulimi kwa dakika chache. Plastiki yenye joto inakubali kupinda.

Skrubu inazunguka tu, haitoki.

Inaelekea imeingia kwenye nati ya mpira yenye shaba ndani, na shaba imeachana na mpira. Livute kava kwa nje huku unazungusha, ili mpira ubanwe. Ikikataa, ishike kwa koleo kutoka nyuma. Kama ni msalaba uliosagika, weka kipande cha mpira wa tyubu kati ya bisibisi na skrubu, gonga bisibisi kidogo kwa nyundo, jaribu tena. Kutoboa kwa drili kuwe mwisho kabisa.

Nyaya za nyuma ya dashibodi zina rangi nyingi. Ni upi wa hasi?

Inategemea nani aliiunda, na hapo ndipo watu huunguza vitu kwa kumwiga jirani. Kwa Honda, kijani ndiyo hasi. Kwa Yamaha ni nyeusi. Suzuki ni nyeusi yenye mstari mweupe, Kawasaki nyeusi yenye mstari wa njano. Tazama mtego: nyeusi tupu ambayo kwa Yamaha ni hasi, kwa Honda ndiyo inayoleta chanya baada ya kuwasha swichi. Ukihamisha ujuzi wa Yamaha kwenda Honda bila kupima, umeshapiga shoti.

Indiketa za Honda: bluu ya mbingu ni kulia, rangi ya machungwa ni kushoto. Yamaha: kijani iliyokolea kulia, kahawia iliyoiva kushoto. Pikipiki nyingi za Kichina huiga rangi za Honda, lakini nasema nyingi. Pikipiki iliyokwishapita mikononi mwa mafundi watatu ina rangi zake yenyewe, kwa hiyo pima. Niliwahi kupeleka yangu kwenye gereji moja, nikarudishiwa waya mwekundu mmoja ukiwa umeungwa mahali pa nyaya tatu tofauti, umefungwa kwa mfuko wa plastiki.

Taa ya kijani ya frii haiwaki, lakini pikipiki iko frii.

Hii haihitaji ufungue kava lolote. Swichi ya frii iko kwenye injini, aghalabu karibu na sproketi ndogo ya mbele, palipojaa grisi ya cheni na tope. Chomoa waya wake, washa swichi, ugusishe waya huo kwenye chuma kisafi cha injini. Kwenye pikipiki nyingi taa itawaka. Ikiwaka, dashibodi na globu ni wazima; safisha au badilisha swichi ya kule chini. Isipowaka, basi panda juu: globu, soketi, au waya shingoni.

Geji ya mafuta inasema tangi limejaa kila siku.

Natamani iwe kweli. Chomoa soketi ya floti (kielea kilichomo ndani ya tangi), washa swichi, tazama sindano imelala upande gani. Kisha unganisha nyaya mbili za upande wa dashibodi kwa kipande cha waya, mara moja tu: sindano inatakiwa iende upande wa pili. Ikienda, geji ni nzima na floti ndiyo imekwama au imechakaa. Fanya hivyo soketi ikiwa mbali na mdomo wa tangi, kifuniko kimefungwa, na sigara iwe kwa jirani.

Spidomita ya kebo imekufa. Nibadilishe dashibodi?

Bado. Fungua kebo upande wa dashibodi, inua tairi la mbele, lizungushe kwa mkono. Ncha ya mraba ya kebo ikizunguka, spidomita ndiyo mbovu. Isipozunguka, kebo imekatika au gia ya kwenye tairi imeisha meno, na vyote hivyo ni rahisi kuliko dashibodi. Kebo mpya ipake grisi sehemu ya chini tu, theluthi mbili hivi. Ukiipaka yote, grisi hupanda taratibu hadi kwenye spidomita, na sindano inaanza kurukaruka.

Zile za digitali hazina kebo. Zina kihisio chenye nyaya tatu: chanya, hasi na ishara. Mara nyingi kosa ni tope au soketi iliyochomoka.

Skrini ya namba imekuwa nyeusi katikati. Imeungua?

Inaelekea imeungua na jua, si na umeme. Juu ya kioo cha namba kuna karatasi nyembamba ya kuchuja mwanga, na joto pamoja na mionzi ya jua huiharibu hadi inakuwa doa jeusi au la zambarau. Mtu anayeegesha nje ya ofisi kuanzia asubuhi hadi jioni, skrini ikitazama jua la huku kwetu, ataliona doa hilo mapema. Karatasi hiyo hubanduliwa na kubandikwa mpya, lakini ni kazi ya saa nzima ya subira: kubandua, kufuta gundi yote, na kuiweka mpya kwa pembe ileile, la sivyo namba hazionekani au zinageuka nyeupe juu ya nyeusi. Jaribu kuizungusha mpya juu ya skrini ikiwa imewashwa kabla ya kukata.

Baada ya hapo funika dashibodi kwa kitambaa, au egesha chini ya mwarobaini. Ndege watakuchafulia kiti. Chagua hasara yako.

Vumbi na ukungu vimeingia ndani ya kioo cha dashibodi.

Vumbi letu la kiangazi ni laini kama unga wa mtama na halihitaji tundu kubwa. Fungua skrubu za nyuma, tenganisha kioo, futa kwa brashi laini ya rangi. Ukitumia hewa ya kompresa pale kwa wa pancha, simama mbali. Sindano ikipigwa na upepo huo inazunguka hadi inapoteza sifuri yake. Usiishike sindano kwa vidole kuirudisha.

Ukungu huja mvua zinapoanza Desemba, au baada ya kuoshwa kwa mashine ya presha. Kausha kwenye joto la kawaida, kisha tafuta mpira wa kuzunguka kioo: umekatika au haukukaa vizuri mara ya mwisho. Kioo kilichopauka kisuguliwe kwa dawa ya meno na kitambaa cha pamba. Petroli na tina hapana, kitageuka maziwa.

Nimepasua kava. Gundi gani?

Geuza kava usome nyuma. Kuna herufi zilizochapwa kwenye plastiki yenyewe. Ukiona ABS, una bahati: plastiki hiyo huyeyuka kwenye asetoni. Kata vipande vidogo vya kava lililokufa la ABS, viloweke kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo hadi viwe uji mzito, upake upande wa nyuma wa ufa. Uache usiku mzima. Unashika kwa sababu ni plastiki ileile. Fanya nje, mbali na jiko la mkaa. Asetoni inashika moto haraka, na mvuke wake unaumiza kichwa.

Ukiona PP, gundi nyingi hazitashika. PP unaichomelea kwa pasi ya kulehemu na kipande cha PP nyingine, au unazamisha pini za stepla zilizopashwa moto kuvuka ufa, kama mshono. Kwa aina zote mbili, toboa tundu la milimita 2 au 3 mwishoni mwa ufa kabla ya kuziba; bila hilo ufa unaendelea na safari yake.

Nikifunga dashibodi ya mtumba, kilomita zitasoma ngapi?

Za pikipiki ilikotoka, kwa kawaida, kwa sababu kumbukumbu ya namba iko ndani ya dashibodi yenyewe. Piga picha ya zamani na mpya, andika tarehe, weka pamoja na kadi ya pikipiki. Atakayenunua kwako mwonyeshe. Wanaotaka nirudishe namba nyuma huwa nawaambia nina kazi.

Lini nisijaribu mwenyewe?

Kama bomba la breki lazima lifunguliwe ili kava litoke, na hujawahi kutoa hewa kwenye breki. Na kama taa ya injini inawaka kwenye pikipiki ya mfumo wa sindano za mafuta, dashibodi inaripoti tu. Usiivunje kwa kuleta habari mbaya.

Nimemaliza. Nikague nini kabla ya kutoka?

Zungusha usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia. Hakuna waya wa kubanwa, kebo ya klachi haivutwi na usukani, na injini ikiwa inanguruma haiongezi moto yenyewe. Indiketa ikikonyeza haraka kuliko kawaida, globu moja haijawaka au umeweka ya LED bila kubadilisha rilei, kile kifaa kinachokonyeza indiketa. Taa kubwa ikiwa ilitolewa, simama usiku mita tano kutoka ukutani, pikipiki ikiwa wima na wewe juu yake. Mwanga mfupi usipande juu ya kimo cha taa yenyewe.

Nimefunga kila kitu na zimebaki skrubu mbili.

Basi hujafunga kila kitu. Rudi kwenye trei na picha zako. Kama zilizobaki ni ndefu, umesahau mahali, na kava litakuimbia njiani. Kama ni fupi, fungua leo hii: ndefu imeingia kwenye shimo la fupi, na nyuma ya shimo la fupi mara nyingi kuna waya.